Mbegu ya neno iokotwe sokoni

KATIKA kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, wamo mafundi cherehani, mafundi wa simu na wafanyabiashara wadogo ambao kazi yao haina upungufu, lakini soko kubwa lililo karibu nao liko Lilongwe, mwendo wa kilomita 40 na ushei. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea. Na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee kambini.

Hatukusudii kuijadili amri hiyo hapa. Tunasema tu kwamba muuzaji asiyeweza kumfuata mteja hana budi kuhakikisha kuwa mteja anamwona pale alipo. Siku hizi mteja hutafuta kwa kuandika neno katika simu. Basi swali linalomkabili muuzaji ni hili: mteja ataandika neno gani?

Wataalamu wa kazi ya kuzifanya kurasa za intaneti zionekane na wanaotafuta huanza uchunguzi wao kwa maneno machache mafupi, ambayo huyaita mbegu. Neno la mbegu huingizwa katika programu, kama ile ambayo Google imewatengenezea wanaotangaza biashara, nayo huleta mafungu mengi ya maneno yanayohusiana nalo, pamoja na makisio ya mara ngapi kila fungu hutafutwa kwa mwezi. Lakini ieleweke kwamba programu hiyo haiumbi kitu. Huzidisha tu kile ilichopewa. Aliyepanda mtama hawezi kuvuna mpunga.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Muuzaji huanza na maneno ya kujisifu: “ubunifu wa mavazi ya kisasa” au “huduma bora kwa bei nafuu.” Maneno hayo hupendeza kwenye kibao cha dukani, lakini hakuna mwenye haja ya nguo ya arusi ayaandikaye katika simu yake. Mteja huandika jina la kitu, jina la shida yake, au jina la mahali.

Tuchukue mfano wa kitenge. Mswahili wa Tanzania au Kenya hukiita kitenge. Mrundi na Mnyarwanda husema igitenge. Mkongo wa mashariki aweza kusema kikwembe. Mwenyeji wa Lilongwe asemaye Kichewa husema chitenje. Nguo ni ile ile, fundi ni yule yule, lakini milango ya kumfikia ni minne. Fundi aliyeandika neno moja tu amefunga mitatu kwa mkono wake mwenyewe. Hali kadhalika muuza samaki wadogo wakavu: Mtanzania atauliza dagaa, Mrundi ndagala, Mkenya wa kando ya ziwa omena, na Mmalawi atauliza usipa. Wataalamu wa samaki watatuambia kwamba hao si wa aina moja, nasi twakubali. Lakini mpishi mwenye sufuria jikoni haulizi kitaalamu.

Majina ya mahali nayo yana hesabu yake. Neno Dzaleka likisimama peke yake humletea mtafutaji habari za gereza la zamani, za kambi na za misaada. Si habari za fundi. Likiunganishwa na jina la kazi huanza kuwa na faida. Na kwa kuwa mitaa ya Lilongwe hujulikana kwa nambari, mkazi wa Area 25 huitaja kwa jina hilo hilo. Anayemtaka mteja huyo asimbunie jina jingine.

Sisi tuliopita katika chuo cha maofisa wa jeshi tulifundishwa mapema kwamba upelelezi hutangulia amri. Ramani ni msaada mkubwa, lakini ramani haisikii watu wanasema nini. Programu za kutafutia maneno ndiyo ramani. Hujengwa juu ya yale yaliyokwisha andikwa na wengi, hivyo huwa tajiri kwa Kiingereza cha miji mikubwa na maskini kwa Kiswahili cha kambini. Ikionyesha kwamba neno fulani halina watafutaji, huenda maana yake ni kwamba watafutaji hao ni wachache mno kuhesabiwa. Na fundi mmoja hahitaji wateja elfu, kumi watamtosha.

Kwa hiyo kazi ianze na daftari, si na mtambo. Muuzaji aandike kwa muda wa wiki mbili maswali yote anayoulizwa, kwa maneno yale yale ya muulizaji. Azisome tena jumbe za zamani katika simu yake. Asikilize wateja wa jirani wanavyoagiza. Kisha aandike kila neno katika Google polepole na kutazama linavyokamilishwa, kwani ukamilishaji huo hutokana na yale ambayo watu wamekwisha kutafuta. Mwenye tovuti aitazame pia Search Console ya Google, ambayo humwonyesha bila malipo maneno yaliyowafikisha watu kwake. Baada ya hapo tu ndipo ailetee programu mbegu zake izizidishe.

Wapo watakaopinga kwamba tunakaribisha ovyo katika lugha, na kwamba Kiswahili sanifu kinatosha. Sisi pia twakienzi Kiswahili sanifu, na twataka habari za dukani ziandikwe kwa ufasaha. Lakini ufasaha ni heshima anayopewa mgeni aliyekwisha kuingia. Jina alijualo ndilo linalomfikisha mlangoni. Haidhuru fundi akiandika kwamba anashona vitenge, ambavyo wenyeji huita zitenje. Kufanya hivyo ni kutafsiri, wala si kuharibu.

Hata hivyo, hatuungi mkono ujanja wa kurundika maneno ukurasa mzima, au kutaja bidhaa ambayo haipo. Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba haitumii orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya ukurasa katika kupanga matokeo yake. Na mteja aliyedanganywa mara moja harudi.

Ndugu zetu wa Dzaleka wanazo lugha nyingi katika soko moja. Wengine huiona hali hiyo kuwa mzigo. Sisi twaiona kuwa ghala. Mtaalamu aliye mbali hawezi kuyajua maneno hayo bila kuja kuuliza, nao huyasikia kila asubuhi bila gharama. Mtu aweza kuzuiwa na kibali, na safari yaweza kuzuiwa na nauli. Neno lililochaguliwa vyema hufika Lilongwe kabla ya basi la kwanza. Basi na liokotwe, liandikwe, na lipandwe.