Ulimi Hujifunza kwa Sikio

Mtoto amefika miaka 3 wala hasemi. Majirani humwambia mama, "Ulimi wake umefungwa." Ndugu wapendwa, angalieni kwanza sikio. Katika Marko sura ya 7 yule kiziwi alifunguliwa masikio kwanza, kisha ulimi.

Jambo hili huonekana kwa chombo kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji. Mwaka 1978 Dakta Graeme Clark alimpandikizia mtu mzima chombo cha namna hiyo mjini Melbourne, Australia. Chombo hugeuza sauti kuwa umeme na kuupeleka katika mshipa wa kusikia. Lakini sikio zima lina chembe za kusikia kama 15,000. Chombo kina ncha za umeme 12 mpaka 22 tu. Kwa hiyo maneno husikika, lakini kupanda na kushuka kwa sauti husikika kwa shida.

Nchini China neno hubadilika maana sauti ikipanda au ikishuka. Watoto wengi wenye chombo hiki huko hukosea jambo hilo wanaposema, kwa sababu hawalisikii vema. Kiswahili hakina kawaida hiyo, lakini Kibembe na Kifuliiru vinayo.

Je, mtoto asiyesikia vizuri anyimwe Kibembe, aambiwe Kiswahili na Kifaransa tu? Mimi nasema hapana. Mtoto hujifunza kwa watu wanaokaa naye. Nyanya yake aseme Kibembe, karibu naye, uso kwa uso, polepole. Lugha mbili hazimdhuru mtoto. Kukosa lugha ndiko kunakomdhuru.

Upasuaji huo ni wa gharama kubwa, tena hufanyika mbali na Fizi na Baraka. Lakini haya tunayaweza:

Mpeni mtoto chanjo ya surua. Sikio likitoa usaha, msitie mafuta wala dawa ya majani, mleteni hospitalini. Akipona homa ya uti wa mgongo, apimwe masikio upesi. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kwa mara, usingoje mwaka mwingine, kwa maana miaka ya kwanza ndiyo ya kujifunza kusema.

Na aliye kiziwi kabisa afundishwe lugha ya ishara, na watu wa nyumbani wajifunze pamoja naye. Asikae kimya kati ya ndugu zake.