Watu Mashuhuri wa Kale: Kaisari Frederick wa Pili

Frederick wa Pili alizaliwa mwaka 1194 katika mji wa Jesi, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa Kaisari wa Wajerumani. Mama yake, Constance, alikuwa mrithi wa ufalme wa Sicily. Kabla hajatimiza miaka minne alikuwa yatima, akawekwa chini ya ulinzi wa Papa Innocent wa Tatu. Mwaka 1220 alivikwa taji la Ukaisari mjini Roma.

Kaisari huyu alijua ya kuwa utawala hausimami kwa upanga peke yake. Mwaka 1224 alianzisha chuo kikuu mjini Naples ili apate maofisa waliojua sheria. Na mwaka 1231 akatoa kitabu cha sheria kwa ufalme wote wa Sicily.

Jambo lililowashangaza watu zaidi lilitokea mwaka 1229. Papa Gregory wa Tisa alikuwa amemtenga na Kanisa kwa kuchelewa kwenda vitani Yerusalemu. Frederick akaenda vivyo hivyo, wala hakupigana. Alipeleka wajumbe kwa al-Kamil, Sultani wa Misri, ambaye naye alikuwa na ugomvi na jamaa zake juu ya Dameski. Wakapatana kwa miaka kumi: Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti ziwe za Wakristo, na Waislamu wabaki na Msikiti wa Aqsa na Kuba la Mwamba. Watu wa pande zote mbili walinung'unika, lakini mji ulipatikana bila vita.

Walakini mshika mawili, moja humponyoka. Frederick aliipenda Sicily, na baada ya kuvikwa taji alikwenda Ujerumani mara chache tu. Ili wakuu wa huko wamwunge mkono, aliwapa haki ya kupiga sarafu, kutoza ushuru na kuhukumu watu. Alipofariki mwaka 1250, kila mkuu alikuwa kama mfalme katika nchi yake. Mjukuu wake Conradin, kijana wa miaka 16 na mrithi wa mwisho wa ukoo, alikatwa kichwa mjini Naples mwaka 1268. Ujerumani haikuwa dola moja hata mwaka 1871.

Hivyo mamlaka aliyowagawia wakuu hayakuwarudia watoto wake. Bali chuo cha Naples kingali kinafundisha, nacho huitwa kwa jina lake.