Mizani ya Ujiji Mikononi mwa Pwani

Ipo kauli iliyozoeleka katika baraza za washairi wa mwambao: kwamba ushairi ni mali ya pwani, na mtu wa bara akitunga, hata akitunga vyema, ni mgeni aliyekaribishwa. Kauli hii husemwa kwa upole, aghalabu ikifuatia sifa: katunga vizuri, ijapokuwa si mtu wa huku. Upole huo hauiondolei ubatili wake.

Mwenye kusema hivyo hulipima shairi la huyo mgeni kwa kipimo gani? Huhesabu mizani, hukagua vina vya kati na vya mwisho, hutazama kama kila ubeti umejitosheleza, kisha huliimba asikie kama laimbika. Kipimo hicho kilikuwamo vinywani mwa malenga tangu kale. Lakini aliyekipanga akakitia kitabuni, kikawa mwongozo wa vizazi vya watunzi na walimu, ni Kaluta Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* ya mwaka 1954. Na Amri hakuzaliwa Lamu, wala Mvita, wala Unguja. Alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Huyo anayeitwa mgeni ndiye aliyeziandika sheria za nyumba.

Wala hakuwa peke yake. Saadani Abdu Kandoro, mwana wa Ujiji vilevile, alikuwa miongoni mwa watu 17 walioiasisi TANU mwaka huohuo wa 1954. Shairi lake la siafu waliomkabili nyoka liliwasemea watawaliwa yale ambayo hotuba isingethubutu kuyatamka waziwazi. *Mashairi ya Saadani*, yaliyotoka mwaka 1972, ni siasa ya nchi iliyofungwa katika vina.

Watetezi wa pwani watajibu kwamba Amri alivuna asichopanda. Kwamba kabla yake walikuwapo Muyaka wa Mombasa na watunzi wa tenzi wa karne ya 18. Ni kweli, wala hakuna wa kuukana ukongwe huo. Ila ukongwe ni jambo moja na umiliki ni jingine. Lugha ilifika Ujiji kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, pamoja na pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Watu wa Ujiji hawakuchagua njia hiyo, lakini lugha yenyewe waliipokea wakaifanya yao: wakasomesha kwayo, wakasalimiana kwayo, wakaozeshana na kuzikana kwayo. Baada ya hayo kumwambia mjukuu wao kwamba anaazima ni dhuluma.

Ajabu ni kwamba hata ugomvi mkubwa wa ushairi wa miaka ya 1970 uliwashwa kutoka maziwani. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, akiviacha vina na mizani, aliyoyavunja ni yale yaliyopangwa na mtu wa Ujiji. Na Kandoro akawa katika safu ya walioyatetea. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipoiita diwani yao *Malenga wa Bara*, mwaka 1976, wapo walioona kiburi katika jina hilo. Lakini Ahmad Nassir alipotoa *Malenga wa Mvita* miaka mitano kabla, nani aliuliza kwa nini mshairi ajitape kwa mji wake?

Amri alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki Ujerumani mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Anayeutaja kila wiki si lazima ajue kwamba mwenye jina alikuwa mshairi. Huko kwao Ujiji, mgeni huonyeshwa kwanza mahali pa mwembe ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Wapita njia wawili wamekuwa ndio habari ya mji, na wenyeji wake wakawa pambo la habari hiyo.

Pwani haiwezi kuwalaumu Wazungu kwa hilo huku nayo ikitenda vivyo hivyo. Dagaa wa Kigoma akifika sokoni hutajwa kwa kwao, na jina hilo humwongezea bei. Mshairi wa Kigoma akifika kitabuni, kwao husahauliwa; hukumbukwa tu pale anapotafutiwa sababu ya kusukumwa nje ya baraza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu anayefundisha sheria za Amri na aanze kwa kuutaja mji alikozaliwa Amri, ili kijana anayetunga leo Ujiji ajue kwamba haombi kuingia ndani. Kuta za nyumba hiyo zilipimwa na babu yake.