Hatujasahau Paswadi: Acheni Kutufungulia Akaunti Mpya

Vijana wenzangu, na ninyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma, leo naongea juu ya sentensi moja inayotuharibia maisha kimya kimya: "Umesahau paswadi."

Hapa Nakivale, kutoka Base Camp mpaka Rubondo, kijana akijaribu kuweka barua pepe yake ndani ya Thunderbird au Outlook kwenye kompyuta ya senta, programu ikamkatalia, anaambiwa hivyo. Dawa nayo ni ile ile kila siku: anafunguliwa akaunti mpya. Mimi najitolea kwenye chumba cha kompyuta, na nasema wazi: mara nyingi hajasahau kitu. Neno lile lile la siri linafungua barua zake kwenye simu. Anayemhukumu ndiye hajui.

Ukweli ni huu. Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuzikatalia programu zinazoleta jina na neno la siri peke yake kwa akaunti za watu binafsi. Microsoft ikafuata kwa Outlook.com, 16 Septemba 2024. Walitaka usalama, na kwa hilo sina ugomvi nao. Siku hizi programu inatakiwa ifungue ukurasa wa Google yenyewe, uingie pale, ukubali, basi. Thunderbird za karibuni zinaweza: kwenye mipangilio ya akaunti, mahali pa njia ya uthibitisho, chagua OAuth2, na usizuie vidakuzi. Lakini Outlook 2010, ambayo bado tunakutana nayo kwenye kompyuta za msaada, haijui njia hiyo. Andika neno lako mara mia, itakuuliza mara mia na moja. Kwa Gmail kuna mlango wa pembeni: washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu omba neno la siri la programu, lenye herufi 16, uliweke pale badala ya lile lako la kawaida.

Kuna sababu nyingine ndogo ndogo. Kompyuta zetu ni za zamani, kabetri ka ndani kamekufa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kompyuta inayofikiri tuko 2009 inaona cheti cha usalama cha seva kama hakijaanza kutumika, na inakata mawasiliano. Rekebisha tarehe kwanza. Au umebadilisha neno la siri kwenye simu, na kompyuta inaendelea kutuma la zamani lililohifadhiwa. Lifute kule, ujaribu upya.

Hayo yote ni kazi ya dakika chache. Sasa angalia bei ya kutoyajua. Kijana ameomba ufadhili wa DAFI, au kazi, kwa anwani yake ya kwanza. Sisi tumeshamfungulia ya pili, ya tatu, ya nne. Barua ya kumwita kwenye usaili inaingia kule ambako hakuna mtu wa kuisoma, na siku ikipita watu wanasema vijana wa kambini hawako siriasi. Tena tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka miwili bila kutumika. Kwa mtu aliyevuka mpaka na mfuko mmoja, akaunti hiyo ndiyo kabati lake: vyeti viko humo, picha za nyumbani ziko humo.

Na namba ya simu je? Kwenye mafunzo akaunti zinafunguliwa kwa namba ya mwalimu ili darasa liende haraka. Mradi unaisha, mwalimu anahama, SMS ya uthibitisho inaenda kwa mtu asiyekumbuka hata sura yako. Huo si msaada jamani. Ni kumpa mtu nyumba na kuondoka na ufunguo.

Najua mtasema: vijana wana simu, programu ya kompyuta ya nini? Njooni mkae hapa intaneti inapopatikana saa mbili kwa siku na bando ni pesa ya chakula. Programu inashusha barua zote kwa mara moja, unasoma na kuandika majibu bila mtandao, unayatuma ukirudi. Kweli, kompyuta ya wengi ina hatari zake. Kwa hiyo kila mtu apewe jina lake la kuingilia kwenye Windows, na anayeondoka afute akaunti yake.

Tunadai mambo matatu. Moja, hakuna kufungua akaunti ya mtu kwa namba isiyo yake. Mbili, kila anayewasha hatua mbili achapishiwe zile namba 10 za akiba za Google, azitunze pamoja na karatasi zake za ukimbizi, maana laini inapotea lakini karatasi hizo hatuzichezei. Tatu, wanaofundisha kompyuta wajifunze haya kabla ya kutufundisha.

Na wewe kijana, usikubali akaunti mpya kabla ya kujibiwa swali hili: "Mbona kwenye simu inafungua?"