Majimbo Yanayosubiri Juba

Oktoba 2015 Rais Salva Kiir aliyagawa majimbo 10 ya Sudan Kusini yakawa 28. Januari 2017 yakafika 32. Februari 2020, ili serikali ya umoja iundwe, yakarudi 10 pamoja na maeneo matatu ya utawala: Abyei, Ruweng na Pibor. Katika kugawa na kuunganisha kote huko, swali moja halikupata jibu: magavana wa majimbo haya watalipa mishahara kwa fedha zipi?

Sheria inalo jibu. Katiba ya mpito ya 2011 inayatengea majimbo yenye mafuta asilimia 2 ya mapato halisi ya mafuta, na sheria ya usimamizi wa mapato hayo ya 2013 ikaongeza asilimia 3 kwa jamii za huko. Lakini fedha huingia Juba kwanza. Gavana aliyeko Bentiu, mafuta yakichimbwa jirani yake, hukaa akisubiri kama yule wa jimbo lisilo na kisima hata kimoja. Bomba la mafuta la kwenda bandari ya Port Sudan lilipopasuka Februari 2024 katikati ya vita vya Sudan, Juba nayo ikasubiri.

Anayesubiri sana hujitafutia. Ndiyo maana barabara ya kutoka Nimule, mpakani na Uganda, hadi Juba, isiyofika kilomita 200, imejaa vizuizi, na dereva wa lori hulipa huku na kule. Gharama hiyo huishia kwenye bei ya unga katika soko la Konyo Konyo mjini Juba.

Wapo wanaosema majimbo yakipewa fedha yatazila. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini Septemba 2025 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu Sudan Kusini ilieleza kuwa nchi imepata zaidi ya dola bilioni 25 za mafuta tangu uhuru, huku viongozi wakijitajirisha na huduma zikikosa fedha. Juba haijathibitisha kuwa ni mlinzi bora.

Kwa majirani kuna mfano mwingine: Kenya ina kaunti 47, na katiba yake inazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana wa huko bado hulalamikia ucheleweshaji, ila Bunge hupitisha mgawo kila mwaka, na kila kaunti hujua inadai kiasi gani.

Mkataba wa amani wa 2018 umeahidi shirikisho katika katiba ya kudumu. Watakaoiandika waanze na mgawo wa fedha kabla ya idadi ya majimbo: waweke asilimia, tarehe ya kulipa, na wajibu wa Hazina kutangaza kila mwezi kiasi kilichopelekwa.