Mwimbaji Ana Jina

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika kabisa, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na kupanda hadi Newala, akichukua kamera na chombo cha kunasia sauti katika nta. Katika safari hiyo alimkuta mwimbaji kipofu aliyeitwa Sulila. Weule alikuja kama walivyokuja watu wa zama zake, kupima na kukusanya, na kitabu chake cha mwaka 1908 hakikukosa kiburi cha watawala. Hata hivyo, jina la kipofu yule aliliandika, na picha yake akaitia kitabuni.

Jambo alilolifanya mgeni huyo, wengi wa wenyeji waliosoma hawalifanyi. Zifunguliwe insha za vyuoni: humo mna "ngoma ya Wamakonde", "nyimbo za Wayao", "nyimbo za Wamakua". Kabila limefanywa mtunzi. Lakini kabila halina koo la kuimbia, wala viganja vya kupigia ngoma.

Wako watakaojibu kwamba wimbo wa jadi hauna mwenyewe. Hoja hiyo ni kweli nusu. Nyimbo za jando na unyago ni mali ya wote, na nyingine hazifai kutamkwa nje ya kumbi zake. Lakini hata humo yuko anayeanzisha, ndipo wengine wakaitikia, na watu wa kijijini wanamjua vema ni nani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Atatunzwaje asiyetajwa?

Jambo hili lilionekana Marekani ya kusini, kwa waimbaji wa bluzi za mashambani. John Hurt, mkulima wa Mississippi, aliimba katika sahani za santuri mwaka 1928, kisha akarudi shambani na kusahauliwa. Mwaka 1963 mpenzi mmoja wa muziki huo alifuata jina la kijiji cha Avalon, lililotajwa katika wimbo wa Hurt, akamkuta mzee yu hai, naye akaimba tena mbele ya watu. Lau sahani ile ingaliandikwa "wimbo wa watu weusi wa Mississippi" tu, asingalitafutwa mtu.

Wala si lazima kwenda mbali. Wachongaji wa Kimakonde wanatajwa kwa majina: Samaki Likankoa kwa vinyago vya shetani, Roberto Jacob kwa vile vya ujamaa. Kwa nini mchongaji awe na jina, na mpiga ngoma asiwe nalo? Ni kwa sababu kinyago huuzwa, na mnunuzi huuliza kimechongwa na nani. Basi wasomi wameliacha soko liamue nani ni msanii na nani si msanii. Katika miaka ya 1960 kikundi cha ngoma cha taifa kiliitia sindimba jukwaani, ikajulikana nchi nzima. Lakini wanafunzi waliofundishwa kuicheza hawakufundishwa jina la fundi hata mmoja.

Hasara yake si ya heshima peke yake. Watu wa kusini walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na Nachingwea waliona mpango wa karanga wa Waingereza ukianzishwa mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Anayetaka kujua wimbo fulani uliwasema nini mabwana wa kazi hizo, hana budi kwanza amjue aliyeutunga, alifanya kazi wapi, na alijifunza kwa nani. Wimbo usio na mtu hauwezi kuwa shahidi.

Kwa hiyo mwanafunzi apandaye Newala na daftari lake aanze na jina, kwa idhini ya mwenye jina: kijiji chake, mwalimu wake, kazi yake. Maneno ya wimbo na yafuate baadaye. Arudiye na nyimbo hamsini bila ya jina hata moja hakukusanya fasihi. Ameokota sauti njiani, na wenyewe amewaacha pale pale.