Mama Pima na Chupa ya Miaka 18

Maneno haya tunawaandikia wale kati yetu wanaojifunza kuonja wiski. Hatuwaandikii walevi. Walevi wamehubiriwa vya kutosha, na mara nyingi wamehubiriwa na watu ambao kabati zao za sebuleni hufungwa kwa ufunguo mchungaji anapokuja kutembelea.

Zamani Mkristo aliyekunywa alijificha. Siku hizi ndugu aliyefanikiwa huwaalika wenzake Jumamosi jioni, akapanga mezani glasi ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akawaeleza kwamba hii imetoka kisiwa cha Islay na ile imetoka bonde la mto Spey, na kwamba wao hawanywi, wanaonja. Katika wageni hao wamo wazee wa kanisa. Hatujasikia hata mmoja akiitwa na kikao kuulizwa neno. Lakini tumeona, katika zaidi ya ushirika mmoja, mama mjane akitengwa na Meza ya Bwana kwa sababu alikutwa akipima chang'aa nyuma ya nyumba yake. Karo ya watoto ilitoka katika kopo hilo. Jina lake lilisomwa mbele ya kanisa zima, na watoto wakiwa wamekaa hapo.

Tunasema wazi kwamba vinywaji hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Kanisa linalomfungia mlango mmoja na kumpa mwingine kiti cha mbele linarudia lile Yakobo alilolikemea katika sura ya pili ya waraka wake, habari ya mtu mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo chafu walioingia katika kusanyiko moja.

Hatutaki kuidharau wiski yenyewe, maana kusema uongo juu ya jambo zuri ni uongo vilevile. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja ni kazi ya mikono yenye subira. Shayiri hulowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Huko Islay wengi huikausha kwa moshi wa udongo mweusi wa vinamasi, unaokatwa kama matofali na kuwaka kama kuni, ndiyo maana wiski zao hunukia moshi na, wengine husema, dawa ya hospitali. Kimea husagwa, hutiwa maji ya moto, kisha hamira, na togwa hilo likishachachuka hupikwa katika vyungu vya shaba, kwa kawaida mara mbili. Kinachotoka ni cheupe kama maji. Rangi na utamu wake mwingi hutoka katika pipa la mwaloni, ambalo mara nyingi lilibeba kwanza bourbon ya Marekani au divai ya sherry ya Uhispania. Sheria inataka kikae pipani humo, katika ardhi ya Uskoti, kisichopungua miaka 3, na kitiwe chupani kikiwa na nguvu isiyopungua asilimia 40. Kila mwaka kiasi cha asilimia 2 huvukia hewani, nao Waskoti hukiita fungu la malaika. (Malaika hao wangepima chang'aa tungewakamata.) Mtu akitia matone machache ya maji katika glasi, harufu zilizokuwa zimejificha hufunguka: tufaha, asali, chumvi ya bahari. Kugundua hayo ni furaha, na hatuna ugomvi na pua aliyoiumba Mungu.

Sasa mfuate mama pima nyuma ya nyumba. Analoweka mahindi au mtama, anaacha uchipue, anausaga, anauchachusha pamoja na sukari nguru, kisha anaupika katika pipa la chuma na kuukinga mvuke wake kwa maji baridi. Ufundi ni uleule. Alichokosa ni shaba, pipa la mwaloni, miaka 12 ya kungoja, na karatasi ya serikali.

Karatasi hiyo nayo ina historia ambayo waonjaji wetu hawaisimulii wanapofungua chupa. Maandishi ya zamani kabisa tuliyo nayo juu ya kinywaji hiki huko Uskoti ni ya mwaka 1494, katika vitabu vya hesabu vya mfalme: mtawa aitwaye John Cor alipewa kimea atengeneze maji ya uzima kwa amri ya mfalme. Naam, maji ya uzima. Neno wiski lenyewe linatokana na maneno ya Kigaeli yenye maana hiyo, na msomaji wa Injili ya Yohana sura ya nne ajiulize kama jina hilo lilitolewa mahali pake. Baadaye kodi zikawa nzito, na watu wa milimani wakapika kwa siri usiku, wakafukuzwa na maaskari wa ushuru, wakafichia mitungi walikoweza. Hiyo ilikuwa chang'aa ya Uskoti, bila tofauti yoyote. Elizabeth Grant ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi mfalme George wa Nne, alipozuru Edinburgh mwaka 1822, alivyotafutiwa wiski ya Glenlivet, iliyokuwa ya magendo. Mwaka uliofuata Bunge lilipunguza kodi na kurahisisha leseni. Mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, na majirani zake wapika magendo wakamtisha hata akawa anatembea na bastola mbili. Basi jina linalotajwa leo kwa heshima sebuleni lilitoka kichakani. Lilisafishwa na sheria iliyowafaa maskini, wala si na utakatifu.

Tutaambiwa: chang'aa huua. Ni kweli, tumezika. Wako waliopofuka na waliokufa kwa sababu muuzaji alitia kemikali ili ikaze haraka, na anayefanya hivyo ni muuaji, awe mjane au asiwe. Lakini sumu hiyo ni tunda la kujificha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, ikaruhusu ipikwe kwa leseni na kwa viwango. Mama wa kijijini ataipata wapi gharama ya leseni na viwango hivyo? Kanisa lililojenga shule na zahanati halikumsaidia kutafuta kazi nyingine. Lilimsaidia kusomewa jina tu.

Tutaambiwa tena: sisi hunywa kwa kiasi, na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo. Aya hiyo tunaijua. Hakuna aya inayokumbukwa vizuri kama hiyo na watu wasiokumbuka nyingine. Timotheo alikuwa mgonjwa wa tumbo, hakuwa mwanachama wa klabu ya kuonja. Paulo huyohuyo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mezani pa Bwana mmoja alilewa huku mwingine akiwa na njaa. Chupa moja ya miaka 18 huweza kuzidi mshahara wa mwezi wa mlinzi aliyewafungulia lango. Kiasi gani hicho, na kimepimwa kwa kipimo cha nani? Ini nalo halisomi karatasi ya chupa. Uskoti wenyewe, pamoja na ujuzi wake wote wa harufu na mapipa, ulipoteza watu zaidi ya 1,200 kwa sababu ya pombe katika mwaka 2023. Tangu mwaka 2018 nchi hiyo imeweka bei ya chini kabisa ya pombe ili kuwaokoa watu wake, sheria ambayo haikuigusa kabisa chupa ya bei kubwa. Hata huko mkono wa sheria unamfikia mnywaji maskini kwanza.

Kwa nini basi chupa hii ina heshima kubwa hivi kwetu? Tunadhani jibu liko katika ukoloni. Mwaka 1890 huko Brussels, na tena mwaka 1919, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia pombe kali isimfikie Mwafrika. Mzungu akanywa wiski yake barazani. Mwafrika aliyemletea barafu alikatazwa kisheria kuionja. Uhuru ulipokuja, glasi hiyo ikawa cheti cha kwamba tumefika. Tunaelewa. Lakini wamisionari wa Kiskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891 na Kikuyu mwaka 1898 hawakuja kutufundisha kutamani kiti cha barazani. Kwao nyumbani, watu wa mji wa Wick, mji wenye kiwanda chake cha wiski, walipiga kura wakazuia uuzaji wa pombe mjini kuanzia 1922 hadi 1947. Mtu aweza kusema walikosea. Hawezi kusema waliwafungia wavuvi wakawaachia matajiri.

Tunaviomba vikao vya wazee mambo ambayo hayahitaji kamati. Kama kupika na kunywa pombe kali ni sababu ya kutengwa, basi waitwe wote, wenye makopo na wenye glasi za tumbo pana, na majina yasomwe siku moja. Kama si sababu, mama yule arudishiwe mkate na kikombe Jumapili ijayo, na aliyesoma jina lake asimame mahali palepale aseme hivyo. Chupa za wiski zisinadiwe tena katika harambee zetu za ujenzi. Na mzee atakayeketi kumhukumu mwuza chang'aa aulizwe kwanza, mbele ya wenzake, kuna nini katika kabati lake.

Orodha ya waliotengwa hupitiwa kabla ya Pasaka. Mjane tuliyemtaja amekaa nje ya Meza tangu mavuno, na mwanawe mkubwa ameacha kuja kanisani.